Wake alirudishiwa siku ya tatu



Ijumaa iliyopita Njia ya Msalaba kwenye kigango chetu hapa Qurus ilichelewa kuanza kwa sababu ya mvua. Wanawake wengi walikuja moja kwa moja kutoka kwenye palizi, matope mpaka vifundoni, majembe wakayaegemeza ukutani nje. Zamu ya kusoma ilikuwa ya jumuiya yetu na vituo tulikuwa tumegawana tangu Jumamosi. Kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na Mama yake, tulimpa mama mmoja mwenye sauti nzuri, ambaye amekisoma kituo hicho miaka mingi. Tulimpa kwa mazoea tu, hatukufikiri. Oktoba mwaka jana mama huyu alimzika mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 22, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya lami.

Zamu yake ilipofika alisimama mbele, akafungua kitabu, akakaa kimya. Tukangoja. Mvua ilikuwa ikipiga bati, kwa hiyo mwanzoni tulidhani anasoma ila hatumsikii. Katekista akasogea, akakichukua kitabu mkononi mwake taratibu, akasoma mwenyewe. Yule mama akatoka nje, akaketi kwenye ngazi mpaka tulipomaliza vituo vyote 14.

Baadaye nilimfuata. Nikamwambia maneno ambayo sisi wanajumuiya huwa tunayo tayari mdomoni: mkabidhi Mama Maria uchungu wako, yeye anaujua, naye alimpoteza mwanae. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Dada, wake alirudishiwa siku ya tatu. Wangu yuko pale nyuma ya mahindi."

Sikuwa na jibu. Nilichukua jembe langu nikaenda nyumbani. Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika juu ya matumizi ya Pasaka, nguo za watoto na michango ya sikukuu inavyozibana familia. Hayo yatasubiri wiki ijayo, maana neno la yule mama limenikalia kichwani siku zote hizi, na nadhani si la kwake peke yake. Hapa Karatu hakuna jumuiya isiyo na mama aliyezika mtoto. Wote tunawaambia habari za Mama Maria, na wengi wao, kwa heshima tu, hawatujibu.

Kwanza niseme wazi kwamba sioni kama alikufuru. Jumapili hii, ya tano ya Kwaresima, tutasikia Injili ya Lazaro. Martha anatoka kumlaki Yesu njiani, na kabla hata ya salamu anamwambia kwamba kama angekuwapo, kaka yake asingekufa. Maria dada yake akija anasema lile lile. Yesu hakuwakemea wala hakuwaambia wajikaze. Alilia. Kama dada wawili wa Bethania waliruhusiwa kumlaumu Bwana mwenyewe mbele ya watu, basi mama wa Qurus anaweza kumlaumu Mama wa Bwana kidogo, akiwa ngazini, mvua ikinyesha.

Niliporudi nyumbani nilifungua Injili ya Yohane, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka yote niliyosali Rozari. Yohane halitaji jina la Maria hata mara moja. Mathayo, Marko na Luka wanalitaja. Yohane anamwita mama wa Yesu tu, kule Kana kwenye arusi na pale msalabani. Sisi huku hatuhitaji kueleweshwa jambo hilo. Mwanamke akishapata mtoto wake wa kwanza, jina lake la kuzaliwa linabaki kwenye cheti cha ubatizo na kitambulisho cha taifa. Mtaani, sokoni na kanisani anaitwa kwa jina la mtoto. Nami sitaliandika hapa jina la yule mama, kwa sababu ni jina la marehemu. Kila anayemsalimia asubuhi analitaja. Muuza duka analitaja. Mimi mwenyewe nilimwita kwa jina hilo pale ngazini, kisha nikataka kumfariji.

Ndivyo alivyokuwa Maria kwa Yohane. Mtoto anauawa mbele ya macho yake na jina lake bado ni mama wa huyo anayeuawa.

Na ni saa hiyo hiyo anapopewa mtoto mwingine. Habari iko katika sura ya 19, mnaijua: Yesu akiwa msalabani anamwonyesha mama yake yule mwanafunzi aliyempenda kuwa ndiye mwanae sasa, na mwanafunzi anaonyeshwa kuwa huyo ndiye mama yake. Tangu saa ile mwanafunzi akampokea kwake. Wahubiri wengi huruka haraka hadi kwenye maana ya kiroho, kwamba mwanafunzi yule ni sisi sote, nayo ni kweli, Kanisa limeisoma hivyo tangu zamani. Lakini mimi ni mwanamke wa shamba na huwa naona kwanza kilicho karibu. Mjane anaachwa bila mtoto wa kumtunza. Anahitaji mahali pa kulala usiku ule ule, anahitaji mtu wa kumkatia kuni na kumletea maji, mtu wa kumwambia asiende peke yake. Umama wa kiroho wa Bikira Maria ulianza na swali la kawaida kabisa la msibani: sasa huyu mama atakaa na nani?

Angalieni pia kwamba Yohane hakuwa badala ya Yesu. Hakuna mahali panaposema kwamba Maria alimsahau mwanae kwa sababu amepewa kijana mwingine. Huwa inaniudhi sana msibani mtu akimwambia mama, "Shukuru Mungu umebaki na wengine wanne." Watoto si debe la mahindi, kwamba ukipunguza moja unahesabu yaliyobaki.

Jina hili la Mama wa kiroho halikutungwa juzi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliliweka katika sura ya nane ya hati yake juu ya Kanisa, na tarehe 21 Novemba 1964, siku hati hiyo ilipotangazwa, Papa Paulo wa Sita alimtangaza Maria kuwa Mama wa Kanisa. Papa Fransisko mwaka 2018 aliagiza kumbukumbu hiyo iadhimishwe kila mwaka Jumatatu baada ya Pentekoste. Novemba iliyopita tena, Vatikani ilitoa waraka unaomwita Mama wa watu waaminifu, ukaonya juu ya sifa zinazoweza kumfanya aonekane anagawana na Kristo kazi ya kutukomboa. Nilifurahi. Si kwa sababu nampenda Maria kidogo, bali kwa sababu ya shemeji yangu.

Shemeji yangu ni Mlutheri, mtu wa Biblia, na kila Kwaresima ikifika ananiuliza swali lile lile kwa nini tunamwabudu mwanamke. Tunabishana mpaka chai inapoa. Mwaka huu nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba Martin Luther mwenyewe aliandika kitabu kizima juu ya wimbo wa Maria mwaka 1521, na humo hakumwonea haya hata kidogo kumwita Mama wa Mungu. La pili, kwamba mtu akija nyumbani kwako akakukuta hupo, akazungumza na mama yako, akamwomba akufikishie shida yake, hajamfanya mama yako kuwa mwenye nyumba. Akasema, "Lakini Yesu yupo nyumbani muda wote." Nikakubali kwamba hapo kanishinda kidogo. Bado hapo hapo Kana Bwana alikuwapo nyumbani, na aliyeona kwamba divai imekwisha alikuwa mama. Mambo ya jikoni mama huyaona mapema.

Tena mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza karibu siku moja, na jirani zetu Waislamu wa Karatu mjini na kule Mang'ola wamefunga pamoja nasi wiki hizi. Nao wanamheshimu Maria, ana sura yake katika Kurani, ya 19, yenye jina lake. Mama mmoja anayeniuzia vitunguu aliniambia kwamba katika sura hiyo anazaa akiwa peke yake chini ya mtende na uchungu unamfanya atamani angekuwa amekufa kabla. Alisema hivyo huku akipima vitunguu, nami nikaona kwamba wanawake wa dini zote wanakijua kilio hicho.

Nirudi kwetu. Wazee wetu wa Kiiraqw, kabla Wamisionari hawajafika nchi ya Mbulu, walimwomba Looaa, ambaye katika lugha yetu ni wa kike, mpole, anayehusishwa na jua na wema wote. Kuna watu siku hizi hupenda kusema kwamba kwa hiyo Bikira Maria ni Looaa aliyebatizwa. Mimi sikubaliani nao. Maria ni binadamu, ni binti wa Nazareti aliyekwenda hekaluni na sadaka ya maskini, njiwa wawili, kwa kuwa mwanakondoo alikuwa ghali. Lakini nakubali kwamba masikio yetu yalikuwa tayari. Mzee akiomba slufay watu huitikia kila sentensi, na mtu aliyekulia humo hakupata shida alipofundishwa Litania ya Bikira Maria. Bibi yangu alijifunza litania ile ndefu yote bila kujua kusoma.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari ya metimani. Vijana wengi hawalijui tena neno hili. Zamani nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya, au ambamo mimba imeharibika, iliwekwa kando. Mama alikaa bila kushirikiana na majirani chakula wala moto, hakuchota maji mahali wanapochota wengine, mpaka muda wake utimie na asafishwe. Si kwamba watu walikuwa na roho mbaya. Waliogopa kwamba kifo kitaambaa kutoka nyumba moja hadi nyingine, na kwa nchi isiyokuwa na zahanati hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini bibi aliniambia kilichomuuma. Alisema mtoto alikufa siku moja, ila kimya cha njiani kilikuwa cha kila siku. Watu wakimwona wanapita upande mwingine.

Metimani tumeiacha. Je, tumeacha kupita upande mwingine? Yule mama wa kituo cha nne alifiwa Oktoba. Siku za matanga jumuiya nzima ilikuwa kwake, tulipika, tulilala, tulichanga. Baada ya siku arobaini tukamwachia Mama Maria amtunze. Nimehesabu: tangu Krismasi mpaka Ijumaa iliyopita nilikuwa sijaingia nyumbani kwake hata mara moja, nami nyumba yangu iko umbali wa mashamba matatu. Nilikuwa na sababu, palizi, mtoto mgonjwa, safu hii. Ukweli ni kwamba sikujua niseme nini, nikapita upande mwingine kistaarabu.

Sasa ile kauli yake. Alirudishiwa siku ya tatu. Nimeigeuza kila upande, na nitawaambia nilipofika, ingawa sijafika mbali.

Kuna sala ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina tu, Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria. Ni ya zamani, ilienezwa na Watumishi wa Maria, shirika lililoanzia Florence, Italia, mwaka 1233. Huku kwetu Afrika Mashariki imefahamika zaidi kutokana na Kibeho, kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi wa shule ya wasichana pale, Alphonsine Mumureke, alisema amemwona Bikira Maria, aliyejitambulisha kuwa Mama wa Neno. Wenzake wawili, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, nao walisema wamemwona, na Marie Claire ndiye aliyepewa kazi ya kuwarudisha watu kwenye Rozari hii ya mateso. Askofu wa Gikongoro, Augustin Misago, aliyathibitisha matokeo hayo tarehe 29 Juni 2001.

Baina ya mwaka 1981 na 2001 mnajua kilichotokea Rwanda. Mwaka 1994 watu wengi sana waliuawa pale pale Kibeho, hata ndani ya kanisa walimokimbilia. Marie Claire mwenyewe aliuawa mwaka huo. Kwa hiyo anayefundisha kwamba ukisali Rozari hii mabaya hayatakupata, huyo hajaijua Kibeho. Pale sala ya mama anayelia ilitangulia, na vilio vikaja, na waliobaki hai wameendelea kuisali juu ya makaburi.

Inasaliwa hivi: mafungu saba, kila fungu lina Baba Yetu moja na Salamu Maria saba, na kabla ya kila fungu mnatafakari teso moja. La kwanza ni utabiri wa mzee Simeoni hekaluni, mtoto akiwa bado wa kubebwa. La pili ni kukimbilia Misri usiku. La tatu ni kumpoteza Yesu akiwa na miaka 12 na kumtafuta Yerusalemu siku tatu. La nne ndilo kituo chetu cha nne, kukutana naye akiwa na msalaba. La tano kusimama chini ya msalaba, la sita kuupokea mwili wake, la saba kumlaza kaburini.

Halafu sala inaisha. Hapo ndipo niliposimama. Katika mateso saba hakuna Pasaka. Njia ya Msalaba nayo ni hivyo hivyo, kituo cha 14 ni kaburi, tunafunga vitabu tunakwenda nyumbani. Kanisa, ambalo linaamini Ufufuko kuliko linavyoamini kitu kingine chochote, limekubali wana wake wasali mpaka kaburini na waishie hapo kwa siku hiyo. Halikumharakisha mtu. Sisi ndio tunaoharakisha. Mtu amesimama kwenye teso la saba, sisi tunamletea aleluya ya Mkesha na kumshangaa kwa nini haitikii.

Na siku ya tatu yenyewe, kwa Maria ilikuwa siku ya tatu? Sisi tunaihesabu kwa sababu tunajua mwisho wa habari. Yeye Ijumaa jioni alikuwa na jiwe tu. Ndiyo maana tangu zamani siku ya Jumamosi imekuwa ya Mama Maria. Wakristo walitafakari Jumamosi ile moja, mwanae yuko kaburini, mitume wamejificha, na imani yote iliyobaki duniani imebaki kwa mama mmoja aliyefiwa. Injili haisemi alifanya nini siku hiyo. Hakuna hata neno. Wala haisemi kwamba Yesu alipofufuka alimtokea mama yake, ingawa Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha mwaka 1997 kwamba yafaa kuamini alimtokea yeye wa kwanza. Mimi kama mama naamini hivyo bila shida.

Lakini hata hivyo, alirudishiwa kwa muda gani? Siku arobaini. Kisha akapaa, na Maria akabaki. Matendo ya Mitume inamtaja akiwa na wanafunzi kwenye chumba cha juu wakisali, na baada ya hapo haimtaji tena. Alizeeka nyumbani kwa mtoto wa mtu mwingine. Alijua mwanae yu hai, hilo ndilo tofauti kubwa na silifichi, alijua kwa hakika. Ila kumwona mlangoni jioni, kumsikia akikohoa chumba cha pili, kumpakulia, hayo hakuyapata tena katika maisha haya. Kama ni kurudishiwa, alirudishiwa kama yule mama wa jumuiya yetu atakavyorudishiwa: kwa imani, na baadaye.

Sijui kama hilo ni jibu. Nilimpelekea hata hivyo.

Nilikwenda Jumanne asubuhi na jembe, sikwenda na kitabu. Mahindi yake yalikuwa yamezidiwa na majani upande wa nyuma, upande ule wa kaburi, kwa sababu hajaweza kulima pale. Tukaanzia upande wa mbali. Tulilima mpaka karibu saa sita, tukizungumza habari za bei ya mbegu na padre mgeni aliyehubiri kwa dakika hamsini. Tulipokaribia kaburi alisema mwenyewe, "Hapa nilime mimi." Nikakaa chini. Alipomaliza kuzunguka nilimwambia haya niliyoyaandika juu, kwa kifupi na kwa kukosea-kosea. Alisikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo hata yeye alikaa kwa mtu?" Nikasema ndiyo, kwa Yohane. Akasema, "Hilo hawakuwahi kutuambia." Tukaenda kula makande.

Nigusie na jambo la kufunga, maana barua za wasomaji juu ya hilo ni nyingi kila Kwaresima. Sheria ya Kanisa ya kufunga ni kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Kuacha nyama kunawahusu kuanzia miaka 14. Wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa hawabanwi. Ninaandika hivi kwa sababu katika nyumba nyingi ninazozijua anayefunga ni mama peke yake, anafunga kwa niaba ya baba, ya watoto na ya ng'ombe, na kutwa yuko shambani kwenye palizi akiwa hajala kitu. Kisha tunamsifu kwamba ana moyo wa Mama Maria. Maria hakufundisha hivyo. Na nyinyi akina baba mnaoacha pombe siku arobaini huku mkiweka akiba ya Pasaka, mwaka huu fedha hiyo ipelekeni kwenye nyumba yenye kaburi bichi, hata kama ni sukari na sabuni. Mama wa kiroho ana watoto wa kutuma.

Jumatano ijayo, tarehe 25 Machi, ni sherehe ya Kupashwa Habari, miezi tisa kamili kabla ya Krismasi. Katikati ya zambarau ya Kwaresima tutavaa nyeupe siku moja. Kwa kinamama wenye mimba na hofu, na kwa wale ambao mimba zao hazikufika, ni siku nzuri ya kuja kanisani hata kama huna la kusema. Katika familia yetu tutasali fungu moja tu la mateso kila usiku kuanzia kesho, teso moja kwa usiku mmoja, ili mtoto wetu mdogo asisinzie. Lile la tatu, la mtoto aliyepotea siku tatu, nimempa mwanangu wa kidato cha pili alisome yeye, kwa sababu zake na zangu.

Ijumaa ya tarehe 27 ndiyo ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, ambayo kwa mapokeo ya zamani ilikuwa siku ya kuwakumbuka Mama wa Mateso. Jumuiya yetu imepewa zamu tena kwa sababu jumuiya ya jirani ina msiba. Jana jioni yule mama alipita kwangu kurudisha jembe nililolisahau. Akiwa mlangoni, bila kuingia, alisema kituo cha nne tumpe mtu mwingine mwaka huu. Yeye anaomba asome cha 13, pale mwili unaposhushwa na kuwekwa mikononi mwa mama yake. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema akishindwa tena, nisogee mimi, asisogee katekista.

Tutaanza saa kumi jioni, mvua inyeshe isinyeshe.